Mbele ya kulipa piki ya zamani

Mwaka jana mama mmoja wa kartie yetu, mjane, alifikiwa na zamu yake ya likelemba. Walikuwa wamama 12, kila mwezi kila mmoja anatoa dola 40, na mwenye zamu anabeba zote. Hesabu unaiona: dola 480. Mama hakununua kitambaa, hakununua kitanda. Kijana wake alikuwa amemaliza masomo tangu miaka miwili na kazi hakuna. Basi mama akamwambia: "Mutoto wangu, tutafute moto. Utabeba bantu, tutapata ya kula."

Piki ikapatikana. Nyekundu, inang'aa, kiti kipya. Muuzishaji aliileta saa kumi na mbili ya jioni, motere inazunguka, akasema: "Mama, hii iko bien. Haina hata kitu kimoja. Sikia vile inaimba." Wakalipa dola 450. Siku 19 kisha, mbele ya soko, kadri ilikatika pale shingoni, chini ya gido. Kijana akavunjika mkono. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alichunika magoti mawili, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, tunashukuru Mungu, hakupata kitu.

Mimi niliitwa kesho yake. Nikachukua kisu, nikakwangua ile rangi nyekundu. Chini yake nikakuta sudire ya zamani, imevimba kama kovu la kidonda, na katikati ya sudire ufa wenye kutu. Kutu haiji kwa siku moja. Maana yake ufa ule ulikuwa pale jioni ile walipokuwa wanahesabu feza. Mama alibakia na miezi 10 ya kutoa dola 40, kwa ajili ya piki ambayo sasa ilikuwa vyuma vya kuuzisha kwa kilo.

Ningeitwa siku moja mbele, ingeniomba dakika tano na torchi. Na si lazima wewe uwe fundi. Mambo mengi ya piki ya okazio yanaonekana kwa macho, kwa mikono na kwa pua, kama tu unakuja saa ya mchana na hauna haraka. Haraka ndiyo inauzisha piki mbaya. Wazee watakumbuka mwaka wa 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walipoacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Katika kartie yetu tuliona magari ya okazio yakinunuliwa asubuhi moja, na mbele ya mwaka kuisha mengine yalikuwa juu ya matofali, kuku wanalala ndani. Feza ya jasho la miaka 30!

Uzee wa piki ni nini?

Kwetu huku, tangu Kolwezi mpaka Kipushi, utakutana na piki za namna mbili. Kuna zile za India na za China, TVS, Boxer, Haojin, ambazo ndugu zetu manseba wanatumia. Hizo motere yake ni ya tempu ine. Na kuna wazee wa Japani waliokuja na mamisioni, na maprojet, na waagronomo: Yamaha AG 100, Yamaha DT 125, Honda XL. Hizi Yamaha mbili ni za tempu mbili, zinakula mafuta pamoja na esansi, na zinaomba uangalizi wake, nitarudi hapo.

Usihesabu uzee kwa miaka peke yake. Boxer ya miaka mitatu iliyofanya kazi ya manseba kila siku, abiria wawili na gunia la unga, imezeeka kupita AG ya miaka 20 iliyolala ku misioni na kutoka mara mbili kwa juma. Na iliyo mbaya kuliko zote ni piki iliyobeba mawe. Unajua ile ninayosema: magunia matatu yamefungwa nyuma, njia ya mashimo, usiku. Piki ya namna hiyo inajisema yenyewe. Inama nyuma yake, angalia vyuma vinavyobeba kiti: vimepinda kwenda chini? Portibagaji imesuderiwa mara ngapi? Amortisere za nyuma zimekaa chini hata bila mtu? Rayo za gurudumu la nyuma ni mpya na za mbele ni za zamani? Basi, unajua alichokuwa anabeba.

Konteri usiiamini sana. Kamba yake inachomolewa kwa dakika moja, na konteri nzima inanunuliwa sokoni. Angalia kaucho la kukanyagia miguu, angalia pedali ya freni na ya kiki. Kama konteri inasema kilometa 9 000, na chuma cha pedali kimelika mpaka kinang'aa kama sahani ya Pasaka, mmoja wao anadanganya, na pedali haijui kudanganya.

Kitu kingine cha kufanya mbele hata ya kwenda kuona piki: pita kwa wauzisha piyesi. Uliza bei ya pisto na segema zake, ya shene na pinyo zake, ya kamba ya ambreyaji. Za TVS na Boxer utapata karibu kila kona. Za DT utazunguka siku nzima, kisha utaambiwa: "Labda Lubumbashi, labda Zambia." Mimi napenda AG kwa roho yangu yote, nilijifunza juu yake, lakini kijana anayetafuta mkate wa kila siku, namwambia achukue piki ambayo piyesi zake ziko kartieni.

Uikute motere ya baridi

Mwambie muuzishaji: "Nitakuja saa mbili ya asubuhi, tafadhali usiiwashe." Ukifika, kitu cha kwanza, mbele hata ya salamu kuisha, weka mkono juu ya motere. Ni ya joto? Uliza sababu. Motere ya joto inawaka vizuri hata kama ni mgonjwa, na muuzishaji anajua hiyo kupita wewe. Kama ni ya joto kaa, kunywa maji, mzungumze habari za jamaa, mpaka ipoe. Kama hana saa ya kungojea, wewe unayo.

Motere ikiwa imezimwa, kanyaga kiki pole pole kwa uzito wako. Motere nzuri inakukataa kwanza, inashika, halafu inaachia. Kama kiki inashuka tu kama mguu unaingia katika matope, nguvu ya kusukuma ndani ya silindri imekwisha. Hapo unahesabu pisto, segema, pengine kutoboa silindri upya kwa fundi wa turneri. Hiyo si mwisho wa piki, lakini ni feza, na inatakiwa itoke katika bei.

Kisha iwashe, na simama nyuma kuangalia moshi. Kwa motere ya tempu ine: moshi wa buluu saa ya kuwasha tu, halafu unaisha, mara nyingi ni mipira midogo ya supapi imechoka. Moshi wa buluu unaozidi kila unapovuta gazi, hiyo ni segema na silindri, kazi kubwa. Moshi mweusi ni esansi nyingi, karburatere inaomba kufungwa vizuri au filtri imejaa uchafu. Kwa huo usiogope sana. Mvuke mweupe mudogo wa asubuhi ya baridi ni maji tu, mwezi wa sita huku kwetu hata pumzi yako inatoa moshi.

Kwa motere ya tempu mbili, moshi mwepesi wa buluu ni kawaida yake, inakula mafuta. Lakini moshi mweupe, mzito, usioisha, wenye harufu ya mafuta ya boati, unakuonyesha kwamba juwe ya upande wa ambreyaji imepasuka na motere inanywa mafuta ya vitesi. Ichungulie boati, utakuta mafuta yameshuka.

Na hapa nataka vijana wasikilize sana. Yamaha AG na DT zina tangi yake ndogo ya mafuta na pompi inayotuma mafuta ndani ya motere. Wengi pompi ilipoharibika waliitoa, wakaanza kuchanganya mafuta na esansi kwa mkono. Kufanya hivyo si vibaya. Hatari ni hii: muuzishaji anasahau kukuambia, wewe unaona tangi ndogo ina mafuta, unatia esansi tupu ku rezervuari, unaenda zako na furaha. Motere haitamaliza hata safari ya Likasi: pisto itashikana na silindri njiani, na gurudumu la nyuma linaweza kusimama ghafula ukiwa juu. Kwa hiyo uliza wazi wazi: "Pompi iko inafanya kazi, ao munachanganya?" Kama anachanganya, uliza kiasi gani. Mafundi wengi wa huku wanatia mafuta sehemu moja kwa esansi sehemu 25, ni kusema desilita 4 za mafuta kwa lita 10 za esansi. Na kama anajibu "pompi iko bien", omba kuona ule mpira mudogo unaotoka ku pompi. Uwe na mafuta ndani, usiwe na hewa.

Vumbi letu

Ndugu zetu wa miji mingine wanauliza kwa nini piki zinakufa haraka huku. Angalieni majani ya miembe mu mwezi wa nane, yamegeuka mekundu. Vumbi hilo hilo linatafuta njia ya kuingia ndani ya silindri, na ni kali kama karatasi ya kusugulia mbao. Kinga yake ni moja tu, filtri ya hewa. Na filtri inapojaa, wengi wanafanya nini? Wanaitoa, wanaitupa, wanasema: "Sasa moto inapumua vizuri." Ndiyo, inapumua vumbi.

Omba funguo, fungua kisanduku cha filtri. Ukikuta filtri safi, hata ya zamani iliyooshwa, huyu mwenye piki alikuwa anaipenda. Ukikuta kitambaa cha zamani au hakuna kitu, pitisha kidole ndani ya mpira unaoenda ku karburatere. Kidole kikitoka chekundu, usilipe bei ya piki nzuri, hata kama moshi hauonekani leo. Mimi binafsi kwa alama hiyo moja ninarudi nyumbani.

Halafu mafuta ya motere. Toa kijiti, paka mafuta kwa vidole viwili. Meusi si kitu, ni kazi yake. Yenye kung'aa vipande vya chuma ni habari mbaya. Meupe kama maziwa yaliyochanganywa na kahawa, maji yameingia, pengine piki ilipita mtoni au inaoshwa kwa nguvu kila siku. Mapya kabisa, ya rangi ya asali? Uliza kwa nini yamebadilishwa jana. Pengine ni wema, pengine yamewekwa mafuta mazito kuficha kelele.

Fungua na rezervuari, tia mwanga wa torchi. Usiwashe kiberiti! Nasema kwa sababu nimeona mtu mzima akifanya hivyo. Kutu ndani ya rezervuari itakuja kufunga karburatere kila juma.

Pale unapoweza kufa

Motere mbaya inakula feza yako. Kadri mbaya, freni mbaya na gido mbaya vinakula mtu. Kwa hiyo kama una nusu saa tu, anza hapa na uache motere.

Piga magoti mbele, angalia shingo ya kadri, pale mabomba yanapokutana chini ya gido. Rangi mpya mahali pamoja tu, au rangi mpya piki nzima, uulize sababu yake. Pitisha ukucha. Chuma cha fabriki kina sudire laini na sawa sawa pande zote mbili. Fundi wa njiani anaacha mabonde na vilima. Shingo iliyosuderiwa, mimi siinunui, hata kwa nusu ya bei, hata kama ni ndugu yangu anauzisha. Pengine inaweza kushika miaka. Lakini wewe utabeba watoto wa watu.

Kisha wawili wenu muinue piki mpaka gurudumu la mbele liachane na udongo. Zungusha gido pole pole kutoka kushoto kwenda kuume. Kama katikati linashikwa kidogo, kama linaangukia ndani ya shimo dogo, rulema za shingo zimekwisha. Shika furshi chini, vuta na sukuma: ikigonga, ni hizo hizo. Shika gurudumu juu na chini, litikise: lisicheze. Fanya hivyo hivyo nyuma. Gonga rayo moja moja kwa kijiko au kwa kle. Zote zitoe sauti inayokaribiana, na ile iliyolegea itajibu kama bati. Mabomba ya furshi yawe makavu. Mafuta yakitiririka ni juwe, na kama kuna vishimo vya kutu juu ya bomba, juwe mpya nayo itapasuka.

Shene, ivute kwa nyuma ya kurone. Ikijitenga mpaka unaona nusu ya jino, imemalizika, na meno yaliyopinda kama kucha za mwewe yanasema vile vile. Shene na meno yake vinabadilishwa pamoja. AG ina mfuniko unaofunga shene yote, ndiyo maana shene yake inaishi sana. Fungua kizibo uangalie, usiridhike kusikia.

Kisha ijaribu njiani, kwanza freni, karibu, pole pole, mbele ya kuongeza mwendo. Mpande kilima na vitesi ya tatu, vuta gazi: motere ikipiga kelele na piki haiendi, ambreyaji inateleza. Vitesi ikiruka yenyewe, ndani ya boati meno yamelika, na kwa hiyo wanafungua motere nzima. Kama mvua imenyesha, pita ndani ya maji, kisha endesha moja kwa moja juu ya lami kavu na rafiki yako aangalie alama za magurudumu. Ya nyuma ifwate ya mbele. Kama kila moja ina njia yake, piki hiyo iligongwa.

Makaratasi

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu kila mtu anajua na watu wachache wanafanya. Soma namba iliyochongwa ku shingo ya kadri, na namba ya motere chini, ku karteri. Soma herufi moja moja, mwenzako ashike karti rozi mkononi. Namba iliyosuguliwa, iliyochongwa tena kwa nyundo, mstari unaoyumba: acha piki pale. Jina la karti rozi si la muuzishaji? Aonyeshe karatasi aliyonunulia. Andikeni karatasi ya kuuzisha yenye majina, namba zote, bei, tarehe, sahihi na mashahidi wawili, na mupitishe ku komini. "Tutafanya kesho" maana yake hamtafanya. Kwa piki ya marehemu, wajane wawe mezani wao wenyewe, si shemeji peke yake. Nimeona piki ikirudishwa na polisi kwa mama ambaye hakujua kwamba ilikuwa imeuzishwa, na mnunuzi aliyelipa kwa roho safi akapoteza yote.

Na wewe unayeuzisha, msomaji. Makosa ya piki yako unayajua. Kuyasema kutapunguza dola 50, pengine 100. Yule wa piki nyekundu alijua ufa ule, kwa sababu ni mikono yake ama ya fundi wake iliyoweka rangi. Mpaka leo anapita upande mwingine wa soko akimwona mama.

Mkono wa kijana umepona, ingawa haunyooki mpaka mwisho. Likelemba mama aliimaliza mwezi wa pili. Kijana aliosha magari mwaka mzima, akaweka kidogo kidogo ndani ya kopo, na mjomba wake ameongeza. Wamesikia habari ya Boxer moja ya mwalimu, upande wa Kambove, yenye miaka sita. Tutaenda Jumamosi, sisi watatu, na torchi na kisu changu. Nimemtumia mwalimu neno asiiwashe mpaka tufike.